Muulize Fundi: Kodi ileile, mbona bainari kila mara ina sura nyingine?

Mwezi huu barua nyingi zimeangukia sehemu moja bila watu kupanga: mtu anakompaili kodi ileile (kodi ya programu jamani, si ile ya serikali), yaani anaigeuza kuwa bainari, faili ambalo mashine inaliendesha, na anapata faili tofauti. Barua ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu ina ushahidi mzuri ambao mwandishi mwenyewe hakujua kama anao.

Swali

Fundi shikamoo. Mimi na wenzangu wawili tuna kompaila yetu, ya lugha ndogo tu tuliyobuni wenyewe, tumeiandika kwa C++ na nyuma yake tumeweka LLVM, ile laibrari inayomalizia kazi ya kutoa kodi ya mashine. Tatizo ni kwamba tukikompaili faili moja mara kumi kwenye mashine ileile bila kugusa hata herufi, mara saba nane hivi bainari inatoka ileile afu ghafla inatoka nyingine, `sha256sum` (inayotoa heshi, yaani alama ya kidole ya faili) inakataa. Programu inayotoka inakimbia vizuri na majibu ni sahihi. Tarehe ndani ya faili nimetafuta, hamna. Kinachoniumiza kichwa zaidi, nikiiendesha kompaila ndani ya gdb, kile chombo cha kusakia bagi, ili nione inafanya nini, tatizo linapotea kabisa, nimejaribu mara thelathini zote sawa. Mwenzangu anasema memori ya seva ni mbovu. Nianzie wapi? — Msomaji asiyelala

Jibu

Marahaba mdogo wangu. Memori ya seva iacheni kwanza. Memori mbovu ingekuletea kompaila inayoanguka ovyo, faili zilizoharibika, leo hivi kesho vile, haina adabu ya kukupa programu sahihi kila mara.

Na jibu nusu umeshaniandikia wewe mwenyewe pale kwenye gdb. Ukiiambia gdb ianzishe programu kwenye Linux, kwa kawaida inazima ASLR, yaani ule utaratibu wa kernel wa kuipangia programu anwani za memori kwa bahati nasibu kila inapoanza. Kwa hiyo ndani ya gdb kompaila yenu inaishi kwenye anwani zilezile kila mara, nje inahamahama. Hakikisha kwa njia mbili: ndani ya gdb andika `set disable-randomization off` afu endesha tena na tena, tatizo linatakiwa lirudi. Nje ya gdb iendeshe kompaila kupitia `setarch -R`, tatizo linatakiwa liondoke. Yote mawili yakikubali basi hapa hakuna uchawi, ndani ya kompaila yenu kuna mahali anwani ya memori inaamua kitu ambacho haikutakiwa kuamua.

Ila nakuomba sana usije ukaishia hapo, ukaweka `setarch -R` kwenye skripti ya bildi ukalala. Nimeona watu wakifanya hivyo na wakajisifu. Bagi ipo palepale, umeifunika tu na shuka, siku mtu akiongeza laini moja ya kuchapisha ujumbe au seva ikipata toleo jipya la glibc, ile laibrari ya msingi ya C, anwani zinasogea na bainari inabadilika tena, na safari hii utaamini kwamba lile badiliko dogo ndo limeleta shida, utapoteza wiki ukimlaumu mtu asiye na kosa.

Sasa kabla hujaanza kusaka, hesabu. Andika lupu, kompaili mara mia moja, heshi zote zipitishe kwenye `sort | uniq -c` uone zipo aina ngapi. Watu wanairuka hatua hii kwa sababu inaonekana ya kitoto lakini inasema mengi. Ukipata aina mia moja katika mara mia moja, kuna kitu kinaingia moja kwa moja kwenye faili: saa, namba ya prosesi, jina la faili la muda, anwani yenyewe imeandikwa kama namba. Ukipata aina mbili au tatu tu zinazojirudia, kinachobadilika ni uamuzi, kuna njia panda mahali na kompaila mara inakata kulia mara inakata kushoto. Kwa maelezo yako nahisi nyinyi mpo kundi hili la pili. Na hiyo lupu usiifute, ndo kipimo chako cha kujua kama umetibu, maana bagi inayotokea mara mbili katika kumi ukijaribu mara tatu ikakaa kimya utasherehekea bure.

Ukishapata nakala mbili zinazotofautiana, zihifadhi zote, afu usianze na bainari. Najua mkono unawasha kufungua diffoscope, na ni chombo kizuri sana, kinafungua faili safu kwa safu mpaka kinakuonyesha ni fanksheni gani imehama, ila kwenye kazi hii kinakuonyesha maiti, muuaji bado humjui. Tofauti moja ndogo mwanzoni ikishafika kwa linka, anayeunganisha vipande kuwa bainari moja, inakuwa imesukuma anwani za kila kitu kilichofuata, unaona maelfu ya baiti zimebadilika unaogopa bure. Na ile build-id, namba ya kuitambulisha bildi, usiitazame kabisa, kwa kawaida linka inaikokotoa kutoka kwenye yaliyomo, kwa hiyo lazima itofautiane kama chochote kingine kimetofautiana.

Anza mbele, tembea kuelekea nyuma ya bomba. Iambie kompaila yenu itoe IR (kodi ya katikati, kabla haijawa ya mashine) kabla ya optimaiza, ile sehemu inayoinyoosha kodi iwe na kasi, afu IR baada ya optimaiza, afu asembli, afu faili la `.o`, kipande ambacho linka bado hajakiunganisha. Linganisha kila hatua kati ya mara mbili zilizotofautiana, hatua ya kwanza inayotofautiana ndo nyumba ya mwizi. Kama IR ya mwanzo kabisa imeshatofautiana basi kosa lipo kwenye kodi yenu nyinyi, kabla LLVM haijagusa kitu, na nikuambie ukweli kwa kompaila changa mara nyingi ndo hivyo. Kama imeharibika katikati, washa `-print-after-all`, LLVM itamwaga IR kila baada ya kipasi, yaani kila hatua moja ya kuibadilisha kodi, utapata makaratasi mengi ya kutisha lakini `diff` haiogopi makaratasi, tafuta kipasi cha kwanza kilichotofautiana. Kwa wanaotumia GCC, kompaila nyingine, kazi hiyohiyo inafanywa na `-fdump-tree-all` na `-fdump-rtl-all`, ila ongeza `-fdump-noaddr`, vinginevyo dampo zenyewe zina anwani ndani na kila laini itaonekana imebadilika wakati hakuna kilichobadilika.

Sasa tuongee kuhusu mwizi mwenyewe maana nadhani namfahamu. Ndani ya kompaila mna majedwali ya heshi (si heshi ya faili hapa, ni namba inayokokotolewa kutoka kwenye ufunguo ili kujua kitu kikae wapi) ambayo ufunguo wake ni pointa, yaani anwani ya kitu kwenye memori: pointa ya fanksheni, ya aina, ya simboli. Kuhifadhi na kutafuta humo hakuna shida hata kidogo. Shida inaanza siku mtu anapoandika lupu inayopita jedwali zima na ndani ya lupu anatoa kitu kinachoonekana nje, kama kuandika fanksheni kwenye faili, kugawa namba, au kuchagua "ya kwanza inayofaa". Mpangilio wa lupu hiyo unatokana na heshi ya pointa, heshi inatokana na anwani, anwani imetoka kwenye bahati nasibu ya ASLR. `DenseMap` na `SmallPtrSet` za LLVM ziko hivyo, na miongozo ya uandishi wa kodi ya LLVM yenyewe inaonya kuhusu jambo hili, `unordered_map` ya C++ nayo hivyohivyo.

Kuna ujanja mmoja hapa unaodanganya hata wakongwe. Mtu anasema mimi natumia `std::set` ya pointa, ile inapanga, haina heshi, kwa hiyo niko salama. Inapanga ndiyo, lakini inapanga kwa anwani! Na itakaa sawa muda mrefu tu, kwa sababu ASLR ikiisogeza hipu, lile eneo ambalo programu inaomba memori, inaisogeza yote kwa pamoja, aliyekuwa mbele anabaki mbele. Afu siku moja mnaongeza thredi, kazi kadhaa zinazokimbia kwa pamoja, ili kompaila iwe na kasi, glibc inazipa thredi maeneo yao tofauti ya memori, nani kapata eneo gani inategemea nani kaomba kwanza, na hapo mpangilio unavunjika, na mnalaumu thredi wakati kosa lilikuwepo tangu siku ya kwanza.

Dawa yake siyo ngumu. Ndani ya LLVM badilisha lile jedwali moja linalopitiwa na lupu liwe `MapVector` au `SetVector`, hizo zinakumbuka mpangilio wa kuingiza. Au mpe kila simboli namba yake pale inapozaliwa na upange kwa namba hiyo kabla ya kutoa chochote. Siyo lazima ubadilishe majedwali yote, yale ya kutafuta tu yaache, ni mepesi zaidi. Na ili uwapate wezi wengine ambao hawajakamatwa, jengeni LLVM yenu na `LLVM_REVERSE_ITERATION=ON`, hiyo inageuza majedwali yasiyo na mpangilio yapitiwe kinyumenyume. Bainari iliyotoka kwa LLVM ya kawaida na iliyotoka kwa hiyo ya kinyume zinatakiwa kulingana, zisipolingana kuna lupu inayotegemea mpangilio. Naipenda njia hii kwa sababu inageuza bagi ya bahati nasibu kuwa bagi ya kila mara, na bagi ya kila mara ni rafiki.

Ukifanya yote haya na `setarch -R` ikawa haikusaidia kitu, niandikie tena, tutaangalia memori isiyojazwa. Kuna wakati mtu anaandika struct nzima kwenye faili na zile baiti za kujazia nafasi katikati hazikuwekwa sifuri, zinabeba takataka zilizokuwepo. Valgrind inawakamata hao.

Swali

Fundi, mimi sioni shida iko wapi. Programu inafanya kazi, testi zinapita, nani anajali kama baiti mbili zimebadilika? — Mvivu mwenye sababu

Jibu

Swali halali kabisa ndugu yangu, na kama ni programu yako ya jioni unayoitumia peke yako, lala salama.

Ila fikiria mtu anayepakua bainari yako. Kodi anaweza kuisoma, bainari hawezi, anakuamini tu kwamba hiyo bainari imetoka kwenye kodi hiyo. Ken Thompson, mmoja wa waliobuni Unix, alieleza kwenye hotuba yake ya kupokea tuzo ya Turing, iliyochapishwa mwaka 1984, jinsi kompaila inavyoweza kufundishwa kupenyeza mlango wa siri kwenye programu huku kodi ikiwa safi kabisa. Bainari ikiwa inajirudia, watu kumi wasiojuana wanaweza kujenga kila mmoja kwake na kulinganisha heshi, seva moja ikiingiliwa inaumbuka. Ndo maana Debian walianza kazi hii kwa nguvu mwaka 2013 na mpaka leo wanaendelea, na ndo maana Go kuanzia toleo la 1.21 la mwaka 2023 walihakikisha vifaa vyao vya kukompaili vinajengeka sawasawa baiti kwa baiti. Tusiipe sifa isiyo yake lakini. Lile sakata la xz, programu ya kubana faili, la mwaka 2024, uchafu uliwekwa kwenye kifurushi cha kodi kilichotolewa, mtu angejenga mara mia kutoka kwenye kifurushi kile angepata heshi moja na mlango wa siri ndani yake.

Kuna sababu nyingine ya kivivu itakayokufaa zaidi wewe. Bainari isipobadilika bure, keshi ya bildi inafanya kazi, hujengi upya na hutesti upya vitu ambavyo havijaguswa. Na ukibadilisha laini moja unaona kwenye bainari athari ya laini hiyo tu.

Swali

Fundi habari, faili zangu za `.o` zote zina heshi sawa kila mara lakini nikizikusanya kwenye laibrari ya `.a` inatoka tofauti kila nikijenga. Inawezekanaje jumla itofautiane na vipande ni vilevile?

Jibu

Nzuri. Inawezekana kwa sababu `ar` haikusanyi vipande tu, mbele ya kila kipande inaandika kichwa chenye muda faili lilipobadilishwa, namba ya mwenye faili, namba ya kundi na ruhusa. Tumia `ar rcsD`, ile D inaweka sifuri kwenye muda, namba ya mwenye faili na namba ya kundi. Kwenye mifumo mingi D ndo chaguo la kawaida siku hizi, kwa hiyo kama kwako haifanyi hivyo angalia kama kuna mtu kaandika U kwenye Makefile (faili la maelekezo ya bildi), hiyo inaizima. Ndugu zake wa karibu ni `gzip`, ambayo unaipa `-n` isiandike jina na saa, na `tar`, ambayo inataka uishike mkono: `--sort=name`, `--mtime`, `--owner=0 --group=0 --numeric-owner`.

Swali

Fundi, mimi na dada mmoja tunayefanya naye kazi tuna toleo lilelile la GCC, kodi ileile kutoka git, lakini bainari yake na yangu hazijawahi kulingana hata siku moja. Kwake peke yake zinalingana, kwangu peke yangu zinalingana. Yeye anasema niandike wewe utatuamulia.

Jibu

Siwaamulii, wote mko sahihi! Kila mmoja kwake inajirudia, maana yake bahati nasibu haipo, kilichopo ni mazingira yanavuja.

Cha kwanza kabisa ni njia ya folda. Ukikompaili na `-g`, GCC inaandika ndani ya taarifa za kudibagi folda uliyokuwepo, na `__FILE__` nayo inabeba njia kama ulivyoiandika, kwa hiyo jina la folda yako ya nyumbani limo ndani ya bainari unayowagawia watu, jambo ambalo peke yake lingetosha kukukera. Tumia `-ffile-prefix-map=/njia/ya/kodi=.`, ipo tangu GCC 8, ila usisahau kwamba kama taarifa zenu za bildi zinahifadhi flagi zote mlizotumia ndani ya bainari, basi na hiyo flagi yenyewe yenye njia ya folda itaingia, mmefukuza paka mlangoni kaingia dirishani.

Cha pili, `-march=native`. Flagi hii inamaanisha "tengeneza kwa ajili ya prosesa hii iliyopo hapa", prosesa zikiwa tofauti basi imefanya kazi yake sawasawa, msiilaumu.

Cha tatu ni mpangilio wa faili. Kama Makefile yenu inaokota faili kwa `$(wildcard *.c)`, GNU make kuanzia toleo la 3.82 mpaka kabla ya 4.3 iliacha kupanga majibu, inazileta jinsi mfumo wa faili ulivyozitoa, na faili zikimfikia linka kwa mpangilio tofauti bainari inatoka tofauti. Zungushieni `$(sort ...)` mlale. Kama ni skripti inayotumia `sort`, wekeni `LC_ALL=C`, lugha ya mfumo inabadilisha nani anatangulia kati ya herufi kubwa na ndogo.

Cha nne, kama kuna `__DATE__` au `__TIME__` popote, GCC itawaonyesha ukiipa `-Wdate-time`. Kuanzia GCC 7 mnaweza kuweka `SOURCE_DATE_EPOCH` na kompaila itatumia muda huo badala ya saa ya ukutani, jazeni kwa `git log -1 --format=%ct` ili iwe tarehe ya komiti. Kwa maoni yangu binafsi tarehe ya bildi ing'oeni tu. Sijawahi kuona mtu aliyetatua tatizo kwa kujua programu ilijengwa Jumanne saa nane mchana, heshi ya komiti ndo inasema kodi gani ilikuwemo.

Mkitaka kubaini haraka ni ipi kati ya hizo, mjaribu reprotest, inajenga mara mbili huku ikibadilisha folda, saa, lugha, na hata mpangilio wa faili. Au fanyeni kwa mkono, badilisheni kitu kimoja kimoja, kimoja tu kila mara tafadhali.

Barua iliyorudi

Nilikuwa nimeshamaliza ukurasa huu msomaji wa kwanza akaandika tena, nanukuu kwa kifupi: "Fundi, aina zilikuwa mbili tu, 73 kwa 27. IR ya mwanzo ilikuwa sawa, ikaharibikia kwenye kipasi chetu wenyewe cha kuunganisha fanksheni zinazofanana, tulikuwa tunapita `DenseMap` na kuibakiza ile tunayokutana nayo kwanza, kwa hiyo mara linabaki jina hili mara lile. Tumeweka `MapVector`, mara mia tano heshi moja. Ile ya kinyumenyume ikatukamatia nyingine kwenye jedwali la maneno ambayo hatukuijua kabisa. Imebaki moja, kwenye laptopu ya mwenzangu bainari inatofautiana na ya seva, ila kwake ni ileile kila mara, na hatutumii `-g`, folda tumezifananisha."

Hongera mdogo wangu, na mwenzako wa memori mbovu mpe pole. Hiyo iliyobaki si ASLR tena, inayotulia kila mara ni mazingira, na kama folda mmeshazifananisha mimi ningeenda kutazama mahali mnapopanga vitu kwa `std::sort`. Hiyo haiahidi chochote kuhusu vitu viwili vinavyolingana, nani atangulie, inategemea laibrari iliyoandika algorithimu, na libstdc++ na libc++, laibrari mbili za C++, hazipangi kwa mtindo mmoja. Endesha `ldd` kwenye kompaila yenu ya seva na ile ya laptopu uone zimejengwa na laibrari gani. Zikiwa mbili tofauti, weka `std::stable_sort`, au bora zaidi malizia ulinganisho kwa ile namba ya kuzaliwa ya simboli ili pasiwe na sare kabisa, afu urudishe lupu ya mara mia kwenye mashine zote mbili.